Nafasi Kati ya Chuma na Chuma: Jinsi Injini ya Zamani Inavyofufuliwa

Land Rover yetu ni Series III ya mwaka 1974. Marehemu baba mkubwa aliinunua ikiwa imeshatumika, akaifanyisha kazi ya kushusha kahawa na ndizi kutoka Nkoaranga hadi barabara kuu, na kupandisha saruji, mahindi na, mara mojamoja, bibi harusi. Ilipozimika kwa mara ya mwisho ilisukumwa nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi, ikakaa hapo miaka kumi na mmoja. Kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha dereva.

Niliposema nataka kuifufua, karibu kila mtu alinipa ushauri uleule: toa hiyo injini, funga ya Toyota ya dizeli. Si ushauri mbaya. Anayetaka gari la kazi anahitaji spea zinazopatikana hata Jumapili jioni, na Arusha hizo ni za Toyota. Lakini mimi nilitaka gari lilelile, na mlio uleule tuliokuwa tunautambua likiwa bado kilometa mbili chini ya mlima. Oktoba 2024, mji wetu ulipofanya tamasha la Land Rover, nilisimama barabarani nikisikiliza injini zaidi ya kutazama bodi, na zile chache zilizobaki na injini zao za asili zilinifanya niamue.

Ndipo nikaingia kwenye kazi ambayo mtaani tunaiita ovaholi, neno lenye maana tofauti kila gereji. Kwa mmoja ni kubadilisha ringi (pete za pistoni) na gasketi kwa siku mbili. Kwa mwingine ni kusaga valvu. Kwa mzee aliyenifundisha, mkerezaji wa mtaa wa Unga Limited ambaye amekata chuma tangu ujana wake, ovaholi ni kurudisha nafasi. Siku ya kwanza sikumwelewa. Nimeandika makala hii kwa ajili ya mtu anayetaka kufufua gari la zamani na yupo pale nilipokuwa mimi siku ile, kwa sababu fedha nyingi hupotea pale mwenye gari anapolipia kitu asichokielewa.

Injini ni nafasi

Mtu akitazama injini iliyofunguliwa mezani anaona vyuma. Mzee alinifundisha kutazama palipo wazi kati yao. Shingo ya krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, haitakiwi kugusa beringi yake. Pistoni haitakiwi kusuguana na ukuta wa silinda, wala shina la valvu na gaidi yake (bomba linaloliongoza). Kati ya kila jozi ya hivyo pana mwanya, na ndani ya mwanya pana oili. Krenki ikizunguka huivuta oili ile na kuijaza chini ya shingo kama kabari, ikanyanyuka na kuelea. Kila mlipuko wa petroli juu ya pistoni hubebwa na utando huo wa oili.

Mwanya wenyewe ni mdogo mno. Kanuni ya mafundi wa zamani ni inchi 0.001 kwa kila inchi moja ya kipenyo cha shingo. Shingo kubwa za krenki ya injini hii zina kipenyo cha karibu inchi 2.5, kwa hiyo nafasi inayotakiwa ni kama milimita 0.06. Unywele wa binadamu una unene wa kati ya milimita 0.05 na 0.1. Unywele mmoja, basi, ndio tofauti kati ya injini nzima na injini iliyochoka.

Kinachofuata ndicho kilichonifungua macho. Nafasi ya beringi ikipanuka maradufu, oili inayotoroka pembeni huongezeka karibu mara nane, kwa sababu mtiririko kwenye mwanya mwembamba hufuata kipeo cha tatu cha upana wake. Na pampu ya oili haitengenezi presha. Kazi yake ni kusukuma oili tu. Presha hutokana na oili kupata shida kupita. Shida hiyo ikiisha, presha nayo huisha, hata ukifunga pampu mpya kabisa. Kitabu cha injini hii kinataka psi (pauni kwa inchi ya mraba) 35 hadi 65 gari likiwa kwenye mwendo wa maili 30 kwa saa na injini ikiwa moto. Gari letu lina taa tu, halina geji, na miaka ya mwisho taa ile ilikuwa ikiwaka kila injini ilipopata moto. Dawa iliyotumika ilikuwa kuweka oili nzito zaidi. Oili nzito hupita kwa shida kwenye mwanya mpana, kwa hiyo taa ilizima, na uchakavu ukaendelea gizani.

Kabla ya kufungua

Injini iliyolala miaka kumi na mmoja usiipige stata. Ringi hushikana na silinda kwa kutu, na nguvu ya stata inaweza kuzivunja au kupinda konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki). Tulifungua plagi, tukamimina mchanganyiko wa dizeli na oili katika kila silinda, tukaacha wiki nzima. Series III ina tundu la hendeli mbele, na kwa hendeli unahisi kwa mkono kila kinachogoma. Siku ya nane ilizunguka.

Baada ya hapo tulipima kompresheni, yaani presha ya hewa inayogandamizwa ndani ya silinda, kwanza kavu, halafu na kijiko kimoja cha oili ndani ya kila silinda. Mantiki yake ni rahisi: oili huziba kwa muda nafasi iliyopo pembeni ya ringi. Sindano ikipanda sana, ringi na silinda ndizo zinazovuja. Isipopanda, upepo unatoka juu, kwenye valvu au gasketi. Silinda ya pili na ya tatu zilipanda. Ya nne haikutikisika.

Kama gari lako bado linatembea, moshi wa ekzosi unaweza kukuambia mengi kabla hujagusa spana. Wa bluu unaotoka wakati wote injini ikibeba mzigo unaelekeza kwenye ringi. Wa bluu unaotoka pale tu unapokanyaga tena mafuta baada ya kuteremka mlima unaelekeza kwenye gaidi za valvu, kwa sababu mguu ukiwa umeachia, injini hunyonya kwa nguvu na oili hushuka pembeni ya shina. Mweusi ni petroli iliyozidi, na hiyo ni kazi ya kabureta. Usifungue injini kwa sababu ya moshi mweusi.

Silinda huchakaa wapi, na kwa nini

Injini hii ya petroli, yenye cc 2,286, ilianza kufungwa kwenye Land Rover mwaka 1958. Kila silinda ina kipenyo cha milimita 90.47, na pistoni husafiri milimita 88.9. Kwa mizunguko 2,000 kwa dakika pistoni hutembea kwa wastani wa karibu mita 6 kwa sekunde, lakini husimama kabisa na kugeuka mara 4,000 ndani ya dakika hiyo moja. Inaposimama, kabari ya oili hutoweka. Juu kabisa mambo ni mabaya zaidi: ndipo penye moto mkali, ndipo gesi ya mlipuko inapoingia nyuma ya ringi na kuibana ukutani, na ndipo vumbi lililopenya chujio linapotua kwanza. Kwa gari lililopita Monduli na Longido miaka mingi, chujio la hewa likiwa lile la bakuli la oili ambalo hakuna aliyekumbuka kulisafisha, vumbi ni msasa.

Matokeo yake, silinda haichakai sawasawa. Hupanuka juu kuliko chini, kwa hiyo inakuwa kama faneli. Na kwa kuwa konrodi huegama wakati wa kusukumwa, pistoni huegemea upande mmoja zaidi, kwa hiyo mduara unakuwa yai. Pale ringi ya juu inapoishia hubaki ukingo wa chuma kisichochakaa. Pitisha ukucha, utanaswa.

Hapa ndipo unapoona kwa nini kubadilisha ringi tu ni kutupa fedha. Ringi mpya ndani ya silinda yenye umbo la faneli hulazimika kutanuka na kubanwa kila pistoni inapopanda na kushuka, na ndani ya silinda yenye umbo la yai haigusi pande zote. Ikiwa ukingo haujakatwa, ringi mpya yenye kona kali inaweza kuugonga na kuvunjika. Gari litakaa vizuri wiki chache, kisha litaanza tena kula oili, na mwenye gari atalaumu ringi.

Dawa ni kupima. Kila silinda hupimwa juu, katikati na chini, na kila mahali mara mbili, kufuata urefu wa injini na kuukata. Hivyo ni vipimo sita kwa silinda, na ishirini na vinne kwa injini yote. Mzee aliviandika kwa chaki kwenye bloku lenyewe, mbele yangu, akanisomesha kimoja kimoja. Mahali pabaya zaidi palikuwa pamepanuka kwa milimita 0.28. Ovasaizi za injini hii, yaani saizi za kupanulia (kubori) silinda, huenda kwa ngazi za inchi 0.010, 0.020, 0.030 na 0.040, yaani milimita 0.25, 0.51, 0.76 na 1.02. Saizi ya kumi isingetosha kufuta uchakavu wetu. Ya ishirini ingetosha.

Ingetosha, kama nisingekuwa na haraka. Bila kumsubiri mzee, nilipeleka bloku kwenye karakana nyingine, wakabori silinda zote hadi ishirini siku hiyohiyo. Pistoni sikuwa nazo. Niliamini kwamba silinda zikishakuwa tayari, pistoni ni suala la dukani. Nilitafuta Arusha, nikatafuta Moshi, ndugu akazunguka Kariakoo, na hatimaye nilizipata Nairobi, Kirinyaga Road, lakini zilikuwa za arobaini tu. Fedha niliyolipia kubori hadi ishirini ilikuwa imepotea, na silinda zililazimika kukatwa tena. Mzee aliposikia hakunigombeza. Alisema, “Mwanangu, pistoni kwanza. Silinda inaifuata pistoni.” Halafu akapima pistoni moja moja kwa maikromita, akaandika namba juu ya kila moja, na akabori kila silinda kwa ajili ya pistoni yake, akiacha nafasi ileile aliyoelekeza mtengenezaji wa pistoni. Nafasi hiyo haikisiwi. Pistoni ni ya aluminiamu, bloku ni la chuma cha kalibu, na aluminiamu hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Ukiacha ndogo, pistoni itanata siku ya kwanza mlimani. Ukiacha kubwa, itagongagonga asubuhi hadi ipate moto.

Sasa silinda zetu zina milimita 91.49, na injini imefika karibu cc 2,338. Hakuna ngazi nyingine baada ya hapo. Ovaholi ijayo italazimika kuwa ya slivu, yaani bomba jipya la chuma linalopachikwa ndani ya silinda.

Baada ya kubori, ukuta wa silinda hautakiwi kubaki laini kama kioo. Huhoniwa kwa mawe hadi upate mistari midogo inayokatizana kwa pembe ya karibu nyuzi 45, na mistari hiyo ndiyo inayoshika oili na kuzisaidia ringi kukaa. Unga wa mawe unaobaki ndani yake hautoki kwa petroli. Hutoka kwa maji ya moto, sabuni na brashi, na unaendelea hadi kitambaa cheupe ukikipitisha kitoke cheupe, kisha unapaka oili hapohapo kabla kutu haijaanza. Nimeona mafundi wazuri wakiiruka hatua hii, na inaniuma, kwa sababu unga ule ndani ya injini mpya hufanya kwa wiki moja kazi ambayo vumbi la Longido lilihitaji miaka.

Haya yote ni kwa bloku lenye silinda zilizotobolewa ndani yake. Mwenye Peugeot 404 au 504, magari ambayo wazee wetu waliyaona yakishinda Safari Rally, ana bahati nyingine: silinda zake ni slivu za mvua, zinazogusana na maji moja kwa moja. Huchomolewa na kuwekwa mpya pamoja na pistoni zake, na mkerezaji haguswi. Volkswagen ya kobe nayo ina silinda zinazotoka moja moja. Kwa magari hayo hesabu ya kubori haipo, ila kazi iliyobaki ni ileile.

Krenki, na kona inayosahauliwa

Beringi za zamani usizitupe kabla ya kuzisoma. Uso wake ni metali laini iliyowekwa makusudi ili punje ya uchafu izame ndani yake badala ya kuchana krenki. Mistari ya duara maana yake uchafu ulipita na oili. Rangi ya shaba ikijitokeza, tabaka la juu limekwisha. Zetu zilikuwa za shaba zote.

Shingo za krenki hupimwa kama silinda, kwa kipenyo na kwa umbo la yai, kisha husagwa kwa mashine hadi saizi ya chini inayofuata, na beringi nene zaidi huwekwa kufidia. Wengi huishia kuuliza saizi tu. Swali la kumuuliza mkerezaji ni jingine: kona itakuwaje? Pale shingo inapokutana na bega lake, kiwanda kiliacha mviringo mdogo. Krenki hupindwa na kunyooshwa mamilioni ya mara, na nguvu hiyo hujikusanya kwenye kona. Kona ya mviringo huisambaza. Kona iliyokatwa kali kama ya sanduku huanzisha ufa, na krenki hukatika baada ya miezi, wakati hakuna anayekumbuka nani aliisaga.

Jambo moja la kununua spea kwa uangalifu: hadi mwaka 1980 injini hizi zilikuwa na beringi kuu tatu, na baada ya hapo zilikuja na tano. Krenki na beringi haziingiliani. Yetu ni ya tatu. Nilishaletewa seti ya tano ikiwa kwenye boksi zuri lenye maandishi ya kuvutia, na nisingejua ningelipa. Seti nyingine ilikuwa na saizi iliyoandikwa vizuri lakini maikromita ilionyesha unene unaotofautiana kati ya beringi na beringi. Niliirudisha. Spea feki haitambuliki kwa boksi, inatambulika kwa kipimo.

Na wakati wa kufungua: kila konrodi ina kofia yake, zilitobolewa zikiwa zimefungwa pamoja. Ukizichanganya, tundu halitakuwa tena duara. Zina namba. Kama namba zimefutika, weka alama yako kabla ya kulegeza nati ya kwanza.

Hedi, na petroli iliyobadilika

Silinda ya nne iliyogoma kwenye kipimo ilikuwa na valvu ya ekzosi iliyoungua ukingoni, kipande kimeliwa kama kucha iliyong'atwa. Sababu zilikuwa mbili, na zote zina funzo kwa mwenye gari la umri huu.

Ya kwanza ni maji. Tulipotoa vifuniko vidogo vya duara vilivyo ubavuni mwa bloku, nyuma ya silinda ya nne palikuwa pamejaa tope la kutu gumu kama udongo wa kichuguu. Miaka yote rejeta ilijazwa maji ya mfereji bila kulenti (dawa ya kuzuia kutu), na bloku likawa linajila lenyewe kwa ndani. Uchafu ulitulia mwishoni, mahali maji yanapotembea polepole, na silinda hiyo ikawa inapikwa. Tulichokonoa kwa waya siku mbili.

Ya pili ni petroli. Magari haya yalitengenezwa wakati petroli ilikuwa na madini ya risasi, na risasi hiyo, pamoja na sumu yake, ilikuwa ikipaka siti za valvu za ekzosi utando uliozuia chuma kisishikane na chuma. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwisho wa mwaka 2005, na ya mwisho duniani kuuzwa kwa magari ilikuwa Algeria, hadi Julai 2021. Ni jambo jema kabisa kwa watoto wetu. Lakini injini ambayo siti zake zimechongwa moja kwa moja kwenye chuma laini cha hedi (kifuniko cha juu cha injini chenye valvu) imebaki bila kinga: valvu moto hushikana na siti kidogo, ikibanduka inaondoka na chembe, na siti inazama taratibu. Suluhisho ni la kudumu na si la ajabu. Mkerezaji hutoboa siti ya zamani na kupachika pete ya chuma kigumu. Hedi ikiwa mezani, muulize kama pete hizo zipo. Kama hazipo, huo ndio wakati wa kuziweka.

Ufa kwenye hedi tuliutafuta kwa njia ya wazee: paka mafuta ya taa, acha yazame, futa hadi pakauke, kisha paka unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hutoka yakachora mstari kwenye chaki. Hedi yetu ilikuwa salama. Ilikuwa imepinda tu kidogo, ikaplenwa (ikasawazishwa kwa mashine).

Kufunga

Kufunga ni kupima tena, sasa kwa filageji, vile vibao vyembamba vya kupimia mwanya. Ringi moja moja huingizwa ndani ya silinda yake bila pistoni, na mwanya kati ya ncha zake mbili hupimwa. Kwa silinda ya ukubwa huu milimita 0.4 inaridhisha. Ncha zikikaribiana mno, ringi ikitanuka kwa moto zitagusana, na ikikosa pa kwenda itachana ukuta. Mbili kati ya zetu zilikuwa zimebana, tukazipiga tupa taratibu.

Bolti za hedi zinataka futi-pauni 65, sawa na Nm 88, kwa tokirenchi, kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu tatu. Bolti iliyokazwa vizuri huwa imerefuka kidogo kama mpira uliovutwa, na mvuto huo ndio unaoibana gasketi. Mkono wa fundi hata awe stadi namna gani hauwezi kuvuta bolti zote sawa.

Nafasi ya tapeti, kati ya shina la valvu na roka inayolisukuma, ni inchi 0.010, yaani milimita 0.25, valvu zote za kuingiza na za ekzosi. Hapa nina ombi kwa mafundi wenzetu. Injini hii hugonga kidogo kwa juu, na ndivyo inavyotakiwa. Mteja akilalamika, usikaze roka hadi kimya. Valvu ya ekzosi hupoa kwa kukaa juu ya siti yake na kuachia joto pale. Ukiimaliza nafasi ya tapeti, injini ikipata moto valvu haitafunga kabisa, gesi itapita pembeni yake, na utapata ukingo ulioliwa kama ule wa silinda yetu ya nne. Naamini gari letu liliumia hivyo pia: roka yake ilikuwa imebanwa, filageji haikupita.

Kuwasha, na kipimo kilichonishtua

Kila kitu kilifungwa na oili ikiwa imepakwa kwa mkono. Kabla ya kuwasha tuliondoa plagi, tukazungusha kwa stata hadi geji tuliyofunga kwa muda ikaonyesha presha, ili krenki isizunguke kavu hata sekunde moja. Plagi zikarudi, waya zikafuata mpangilio wa 1-3-4-2, na ikashika.

Injini mpya haitakiwi kuachwa ikinguruma sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta, nusu siku, jinsi wengi tunavyodhani ndiyo kuilea. Ringi husukumwa ukutani na gesi ya mlipuko inayoingia nyuma yake. Bila mzigo gesi ni hafifu, ringi hazikai, na ukuta unang'aa kabla mistari haijafanya kazi yake. Inahitaji mzigo wa wastani unaobadilikabadilika, na barabara ya Arusha hadi Moshi, karibu kilometa 80, inautoa wenyewe: unateremka Tengeru, Usa River, Maji ya Chai, unapata tambarare ya njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, kisha Boma Ng'ombe. Kurudi unapanda. Niliifanya safari hiyo mara tatu, nikamwaga oili, nikakaza hedi upya na kupima tapeti.

Ndipo nikapima kompresheni, na moyo ukashuka. Hesabu ya injini ya aina hii ikiwa nzima, karibu na bahari, nilikuwa nimeiweka kwenye psi 150. Yangu ilisoma 127, silinda zote nne zikiwa zimekaribiana. Nilimpigia mzee simu, nimeshakata tamaa. Akaniuliza geji imeshikwa wapi. Nikamwambia, hapa nyumbani, Arusha.

Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ina presha ya karibu asilimia 85 ya ile ya Dar es Salaam. Injini hugandamiza hewa inayopewa. Ikipewa pungufu, inarudisha pungufu: 150 ya pwani inakuwa kama 127 ya Arusha, bila ringi yoyote kuwa na kosa. Kwa sababu hiyohiyo kabureta iliyosetiwa pwani humimina petroli nyingi mno huku, na injini ya petroli isiyo na taabo hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake. Kinachotazamwa kwanza ni silinda kufanana zenyewe kwa zenyewe, kuliko namba ya kitabu.

Jumamosi iliyofuata nilishuka tena Moshi, ambako ni kati ya mita 800 na 900, nikaegesha kivulini injini ikiwa bado moto, nikafungua plagi na kufunga geji ileile. Silinda ya kwanza 135. Ya pili 135. Ya tatu 134. Ya nne, ile iliyokuwa haitikisiki, 135.